Si Kifua Kikuu: Historia ya Kidonda cha Retina Kilichopewa Jina Lisilo Lake

Ukiwa na shida ya ini, daktari halioni ini lako. Atabonyeza tumbo, atakutuma maabara, atakupiga picha, kisha ataunganisha vipande hivyo apate jibu. Retina ni habari nyingine. Huu ni utando mwembamba ulio nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Daktari akikutia matone ya kupanua mboni, akasubiri kidogo, kisha akamulika ndani, anauona moja kwa moja: mishipa ya damu, mahali mshipa wa fahamu unapoingilia, na kidonda kama kipo. Hakuna kisu wala sindano.

Kwa hiyo ungedhani magonjwa ya retina ndiyo rahisi kuliko yote kuyapa majina. Kumbe sivyo. Kwa karibu miaka mia moja baada ya madaktari kuanza kuiona retina ya mtu aliye hai, moja ya vidonda vinavyoishambulia sana kiliitwa kwa jina la ugonjwa mwingine. Watu walitibiwa kifua kikuu wasichokuwa nacho, wakang'olewa meno yasiyo na kosa, na wengine wakapofuka huku majalada yao yakiwa yamejazwa vizuri kabisa.

Makala haya ni ya jinsi kosa hilo lilivyoingia, jinsi lilivyogunduliwa, na kwa nini wewe unayesoma leo unapaswa kulijua.

Mwanga unaingia ndani

Kabla ya mwaka 1851, mtu aliyepofuka huku jicho lake likionekana zima kwa nje alikuwa fumbo. Madaktari wenyewe walikuwa na utani kwamba huo ni ugonjwa ambao mgonjwa haoni kitu, na daktari naye haoni kitu.

Aliyeuvunja utani huo hakuwa hata daktari wa macho. Hermann von Helmholtz alikuwa mwalimu wa fiziolojia huko Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mwishoni mwa 1850, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa akitafuta namna ya kuwaonyesha wanafunzi wake kwa nini mboni ya mtu huonekana nyeusi. Jibu lake ni rahisi ukishaambiwa: mwanga unaoingia ndani ya jicho hurudi kwa njia ileile uliyoingilia, kwa hiyo ukitaka kuuona lazima jicho lako liwe kwenye njia hiyohiyo. Tatizo ni kwamba ukiweka kichwa chako hapo, unaukinga mwanga usiingie. Helmholtz alitumia vipande vya kioo vilivyolazwa kwa pembe: vinaupeleka mwanga ndani ya jicho, na wakati huohuo unaweza kuona kupitia vioo hivyo. Kifaa hicho, oftalmoskopu, alikitangaza 1851.

Ndani ya miaka michache vitabu vya michoro ya retina vikaanza kutoka. Madaktari waliona damu iliyovuja, waliona makovu meusi, waliona madoa meupe yenye kingo zisizoeleweka. Baadhi ya madoa hayo yalikuwa ni uvimbe. Na hapa tuelewane: uvimbe ninaousema si ule wa ngumi usoni. Ni ile hali ya mwili kupeleka askari wake wa kinga mahali fulani, sehemu hiyo ikajaa maji na seli, na vita vikaanza. Vita vikipiganwa kwenye kidole, kidole kitapona. Vikipiganwa kwenye retina, uwanja wenyewe wa vita huharibika, kwa sababu seli za retina zikifa hazioti tena.

Kuona si kujua

Sasa tatizo. Doa jeupe kwenye retina halina jina lililoandikwa juu yake. Linaweza kuwa kaswende, kifua kikuu, kirusi, kuvu au mnyoo. Linaweza pia lisiwe na mdudu yeyote, ni mwili tu umejigeuka na kujishambulia. Kwa mwanga wa oftalmoskopu, mengi ya hayo hufanana.

Madaktari walifanya nini? Walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: walichagua ugonjwa waliokuwa wanaujua na uliokuwa umezagaa. Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Mdudu wa kaswende alionekana 1905, na mwaka uliofuata kikapatikana kipimo chake cha damu. Kuanzia hapo mgonjwa mwenye kidonda cha retina alipimwa kaswende. Ikikosekana, alichomwa sindano ya tuberkulini kwenye ngozi. Ngozi ikivimba, mambo yamekwisha: ana kifua kikuu cha jicho.

Umeona mtego uko wapi? Katika miji ya Ulaya na Marekani ya wakati ule, kifua kikuu kilikuwa kila mahali. Watu wazima wengi walikuwa wamewahi kukutana na bakteria hao, wakawashinda bila hata kujua, na ngozi zao zingevimba wakipimwa. Kipimo kilisema kweli kwamba mwili huu umewahi kukutana na kifua kikuu. Hakikusema lolote kuhusu kidonda kilichoko kwenye jicho. Lakini jibu chanya likiwa mezani, nani aendelee kutafuta?

Hadi miaka ya 1940, wakubwa wa fani, akiwemo Alan Woods wa Taasisi ya Wilmer huko Baltimore, waliihesabu sehemu kubwa ya uvimbe wa aina hii kuwa kifua kikuu. Wagonjwa walichomwa tuberkulini kidogo kidogo kwa muda mrefu ili mwili "uzoee". Wengine waliambiwa chanzo ni maambukizi yaliyojificha kwenye meno au mafindofindo, basi yakang'olewa. Haukuwa ujinga. Walifanya kazi kwa vipimo walivyokuwa navyo, na vipimo hivyo vilijibu swali ambalo si lao.

Kimelea kinatokea upande mwingine

Wakati hayo yakiendelea, kimelea chenyewe kilikuwa kimeshapatikana, ila kwenye chumba kingine kabisa cha sayansi.

Mwaka 1908, katika Taasisi ya Pasteur ya Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikuwa wakichunguza ugonjwa mwingine kwa kutumia gundi, mnyama mdogo wa Afrika Kaskazini wa jamii ya panya. Ndani ya mnyama huyo waliona kiumbe cha seli moja chenye umbo la mpevu. Mwaka uliofuata wakakiita *Toxoplasma gondii*: *toxon* ni upinde kwa Kigiriki, na *gondii* ni jina la mnyama lililoandikwa vibaya kidogo. Mwaka huohuo wa 1908, Alfonso Splendore alikuwa amekiona ndani ya sungura huko Brazil. Ilionekana ni habari ya wanyama tu.

Mwaka 1923, daktari wa macho wa Prague, Josef Janků, aliandika kuhusu mtoto wa miezi 11 aliyekuwa na maji kichwani na jicho dogo kupita kawaida. Kwenye retina ya mtoto huyo, chini ya hadubini, aliona vifuko vilivyojaa viumbe vidogo. Hakuweza kuvitambua. Miaka mitano baadaye Constantin Levaditi, huko Paris, alisema huenda ni toksoplasma, lakini ilibaki ni "huenda".

Jibu la uhakika lilitoka New York. Tarehe 23 Mei 1938 alizaliwa mtoto wa kike kwa upasuaji. Siku ya tatu akaanza degedege. Madaktari walipomulika macho yake, waliona vidonda katikati ya retina zote mbili. Alifariki akiwa na umri wa mwezi mmoja. Abner Wolf, David Cowen na Beryl Paige walichukua tishu za ubongo wake wakawapandikiza sungura na panya, nao wakaugua, na kimelea kikaonekana. Mwaka 1939 wakatangaza: toksoplasma humwugua binadamu, na mama anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni.

Jambo likaishia hapo, kama "ugonjwa wa watoto wachanga". Mtu mzima mwenye kidonda cha retina aliendelea kuwa na kifua kikuu.

Mwanamke wa slaidi

Hapa ndipo anapoingia Helenor Campbell Wilder. Hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa mtaalamu wa maabara huko Washington, kwenye taasisi ya patholojia ya jeshi la Marekani, mahali ambapo macho yaliyoondolewa kwa upasuaji yalitumwa kutoka hospitali mbalimbali ili yakatwe vipande vyembamba, yatiwe rangi na kuhifadhiwa. Rangi mojawapo ya maabara bado inaitwa kwa jina lake.

Kwanza alichukua macho 46, mengi ya watoto, yaliyokuwa yameondolewa kwa hofu kubwa: saratani ya retina. Saratani haikuwemo. Alichokifanya ni kukata tena, kipande baada ya kipande, badala ya kuangalia vipande viwili vitatu na kuridhika. Mwaka 1950 akatangaza kwamba katika macho 24 kati ya hayo 46 amekuta viluwiluwi vya minyoo. Baadaye baadhi yake vilitambuliwa kuwa vya *Toxocara*, mnyoo ambao mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa na kuingia mdomoni kwa mtoto anayechezea udongo.

Kisha akaenda kwenye rafu ya watu wazima. Macho haya yalikuwa na lebo za kawaida: kifua kikuu, kaswende. Kuna jambo halikukaa sawa. Bakteria wa kifua kikuu hawakuonekana, hata kwa rangi zinazowafichua. Tena uharibifu mkubwa ulikuwa kwenye retina yenyewe, wakati kifua kikuu cha jicho kwa kawaida huanzia kwenye utando wa mishipa ya damu ulio nyuma yake. Alipotafuta kwa subira ndani ya retina iliyokufa, akawaona: viumbe wadogo wa umbo la mpevu, na vifuko vyao. Mwaka 1952 akachapisha: macho 53 ya watu wazima yenye toksoplasma.

Macho 53 si habari ya bahati mbaya ya mtu mmoja. Yalikuwa yamekaa kwenye rafu na majibu yake yameshaandikwa, na kila aliyepita aliisoma lebo.

Ushahidi ulifuatana haraka. Tayari mwaka 1948 Albert Sabin, ambaye baadaye angetupa chanjo ya polio ya matone, alikuwa ametengeneza na Harry Feldman kipimo cha damu: kimelea hai huwekwa kwenye maji ya damu ya mgonjwa pamoja na rangi ya bluu. Kama damu haina kingamwili, kimelea hushika rangi. Kama inazo, hakishiki. Na mwaka 1954 Leon Jacobs na wenzake wakakitoa kimelea hai kwenye jicho la mtu mzima. Mjadala ukafungwa.

Dawa unayoijua kwa jina jingine

Jina likibadilika, dawa nayo inabadilika. Tuberkulini haikuwa na la kufanya tena.

Kundi la watafiti wa George Hitchings na Gertrude Elion nchini Marekani lilikuwa limetengeneza pirimethamini kwa ajili ya malaria. Mwaka 1953 ilionyeshwa kwa panya kwamba ukiichanganya na sulfadiazini, zinaipiga toksoplasma kwa nguvu kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kazi yake ni hii: kimelea hujitengenezea folati ili kizaliane, na dawa hizi mbili huiziba njia hiyo katika hatua mbili tofauti. Sisi binadamu nasi tunahitaji folati, ndiyo maana dawa inaweza kupunguza chembe za damu. Hivyo mgonjwa hupewa asidi ya foliniki, folati iliyo tayari, ambayo mwili wetu unaweza kuitumia huku kimelea kikishindwa kunufaika nayo vya kutosha.

Kama umewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito Tanzania au pwani ya Kenya, umeshakutana na dawa hii. Ile "P" kwenye SP ya kuzuia malaria ni pirimethamini. (Usikimbilie duka la dawa: kipimo cha SP si tiba ya jicho.) Na huko Marekani, mwaka 2015, kampuni ya Turing ilipandisha bei ya kidonge kimoja cha Daraprim, ambacho ndicho pirimethamini yenyewe, kutoka dola 13.50 hadi 750. Dawa ya zaidi ya miaka 60.

Wakati uleule ikaja dawa nyingine, tamu na hatari. Kotisoni, mama wa steroidi zote za leo, ilianza kutumika mwaka 1948 kwa ugonjwa wa viungo, na haraka ikafika kwenye macho. Ilikuwa kama muujiza: jicho jekundu linatulia, ukungu unapungua. Lakini steroidi hutuliza vita kwa kuwaondoa askari. Kama adui hakuwepo, umemwokoa mgonjwa. Kama adui ni toksoplasma na hukumpa mgonjwa dawa ya kuiua, umeuacha mlango wazi na mlinzi umempa likizo. Kwa siku chache mgonjwa atakushukuru, kisha kidonda kitapanuka. Ndiyo maana hadi leo swali la kwanza mbele ya retina iliyovimba ni hili: kuna mdudu, au hakuna?

Kosa la pili

Usidhani Wilder alimaliza mambo. Baada ya kukubali kwamba watu wazima wana toksoplasma ya jicho, wataalamu walijenga imani mpya: wote walizaliwa nayo, imelala tu kwenye kovu la zamani ikaamka. Kuna ukweli ndani yake. Dawa zetu huua kimelea kinachozaliana, lakini haziondoi vifuko vilivyojichimbia. Kidonda kipya mara nyingi huchomoza pembeni ya kovu la kale, na ute wa jicho ukijaa seli daktari hukiona kama taa ya gari kwenye ukungu.

Lakini je, *wote* walizaliwa nayo? Mwaka 1965 watafiti wa Paris walionyesha kwamba watoto katika hospitali moja, waliokuwa wakilishwa nyama isiyoiva vizuri kama lishe ya tiba, waliambukizwa toksoplasma kwa kasi kubwa. Na walikuwa wamelazwa pale kwa ugonjwa gani? Kifua kikuu. Kufikia 1970 ikajulikana kwamba paka ndiye mwenyeji mkuu, na kinyesi chake hueneza mayai ya kimelea kwenye udongo na maji. Kisha huko Erechim, kusini mwa Brazil, madaktari wakakuta ndugu wa tumbo moja, wakubwa kwa wadogo, wote wana vidonda vya retina, jambo gumu kulieleza kama kila mmoja aliambukizwa tumboni. Mwaka 1995 maji ya bomba ya mji wa Victoria, Kanada, yakachafuliwa na kimelea hiki, na watu wazima wapatao 20 wakapata uvimbe wa retina kutokana na maambukizi mapya kabisa. Imani ikaanguka.

Erechim ikatupa na zawadi nyingine. Mwaka 2002 Cláudio Silveira na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 124. Waliopewa kidonge kimoja cha Septrin kila baada ya siku tatu kwa miezi 20, kidonda kiliwarudia 4 kati ya 61. Wasiopewa, kiliwarudia 15 kati ya 63. Ndiyo, Septrin hiyohiyo inayopatikana kwenye zahanati zetu.

Tone moja la maji

Hadithi ikajirudia na virusi. Mwaka 1971 Akio Urayama wa Japani alieleza wagonjwa sita ambao retina zao zilikufa kwa kasi ya kutisha. Chanzo hakikujulikana. Mwaka 1982, kwenye jicho lililoondolewa, hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi vya jamii ya hapisi. Dawa ya kuvipiga, asiklovia, ilikuwa imeshatoka, na ilitoka kwenye maabara ya Gertrude Elion yuleyule.

Leo hatusubiri jicho liondolewe. Daktari anaweza kuchukua kwa sindano nyembamba tone la maji ya jicho, na kipimo cha PCR kikatafuta humo vinasaba vya toksoplasma, hapisi au kifua kikuu. Hii ndiyo tofauti kubwa na enzi za tuberkulini: kipimo kinauliza jicho lenyewe, si mwili mzima. Hata hivyo si kila hospitali ina huduma hiyo, kwa hiyo sehemu nyingi daktari bado anaunganisha picha ya retina, historia yako na vipimo vya damu.

Na mtego wa zamani bado upo palepale. Inakadiriwa hadi theluthi moja ya watu duniani wana kingamwili za toksoplasma. Kwetu, waliowahi kukutana na kifua kikuu ni wengi pia. Kwa hiyo ukiwa na kidonda cha retina, damu yako ikasema "toksoplasma chanya" au ngozi yako ikavimba kwa kipimo cha TB, hilo ni fununu, si hukumu. Kipimo hasi mara nyingi kina nguvu kuliko chanya, kwa sababu kinasaidia kufuta jina kwenye orodha. Na mara nyingine ni kifua kikuu kweli. Wilder hakukifuta duniani, alikifuta pale kisipokuwepo.

Basi, jicho likiwa na ukungu ghafla, ukaona vidoadoa vyeusi vinaelea, au likawa jekundu na kuogopa mwanga, usinunue matone ya steroidi kwa ushauri wa jirani. Nenda mahali watakapopanua mboni na kumulika nyuma. Kama unaishi na VVU, mwambie daktari mapema, maana kwako picha ya retina inaweza kuwa tofauti na ya kwenye kitabu. Na kabla ya kumeza steroidi yoyote, muulize maswali mawili: kaswende umeiondoaje kwenye orodha? Na kama ni mdudu, nimepewa dawa gani ya kumuua?